Mchele Ule wa Floribert

Goma, Julai

Mama mmoja wa shirika letu hapa Ndosho alinivuta pembeni baada ya misa, kwa sababu katika katekesi nawafundisha watoto kuipenda nchi. "Dada," akasema, "watoto wafundishe sala. Mambo ya nchi achana nayo. Hii nchi imetupa nini?" Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. Alitoka Masisi mbio na mtoto mgongoni, akalala chini ya turubai kule Mugunga, na Januari 2025 vita vilipoingia mjini akafunga mizigo upya. Akamalizia kwa neno la Mtume Paulo kwa Wafilipi, kwamba wenyeji wetu uko mbinguni. Nilikosa la kumjibu pale pale.

Juma hilo hilo baba mmoja akanipigia simu. Alikuwa amesikia kwamba mwezi huu katika katekesi tunazungumza juu ya kuipenda nchi, akafurahi sana, akaniomba nisiwafiche watoto adui ni nani. "Mwalimu, mtoto ajue mapema." Huyo naye ana uchungu wake. Amezika watu.

Wote wawili wamekaa moyoni mwangu siku hizi, na naandika ili nijue ninachokiamini kabla sijasimama tena mbele ya wale watoto.

Mtoto wa miaka 9 hawezi kuipenda Kongo ile ya ramani, yenye mikoa 26 na zaidi ya kilomita za mraba milioni 2. Kinshasa hajaiona, na wazazi wake wengi hawajaiona. Hata mto wenyewe anausoma kitabuni. Ukimwambia aipende yote hiyo ataitikia "ndiyo, Mama," kwa kuwa ana adabu, kisha ataendelea kupaka rangi bendera yake. Anaoweza kuwapenda ni wale anaowaona: bibi anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye kona, kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, anayefunga breki watoto wa shule wavuke, wenzake kwenye foleni ya bidoni penye bomba, jirani yake wa benchi ambaye nyumbani kwao wanaongea lugha nyingine. Kongo yake inaanzia hapo. Na Bwana wetu hakutuamuru kupenda ramani, alituamuru kumpenda jirani.

Bendera tunaifundisha, na naifundisha kwa moyo wote: buluu ya amani, nyekundu ya damu ya waliotufia, manjano ya utajiri wa nchi, na nyota ya matumaini. Wimbo wa taifa nao tunauimba. Napenda kuwaambia watoto kwamba maneno yake yaliandikwa na padri Mjesuiti, Simon-Pierre Boka, na kwamba ndani yake Kongo inaitwa zawadi iliyobarikiwa. Zawadi ina mwenye kuitoa. Mtoto akishaelewa kwamba nchi hii amepewa na Mungu, pamoja na ziwa lake, volkano zake na watu wake wote, hataona ni halali kwake kuichezea. Huo kwangu ni mwanzo mzuri wa uzalendo wa Kikristo, lakini ni mwanzo tu.

Kwa yule mama nimepata jibu katika Luka 19. Yesu alipofika karibu na Yerusalemu, "aliuona mji, akaulilia." Mwana wa Mungu, ambaye mbinguni ndiko kwao kuliko sisi sote, alisimama akalia kwa ajili ya mji wa duniani wenye mawe na vumbi na watawala wabaya. Kama mbingu zingekuwa sababu ya kutojali mji, yeye angekuwa wa kwanza kupita bila kugeuka. Na Yeremia aliwaandikia watu waliokuwa mateka Babeli, mji wa watesi wao, akawaambia: "Kautakieni amani mji ule." Wajenge nyumba, wapande bustani, wauombee. Mama huyu anapopanda lengalenga nyuma ya nyumba ya kupanga, anatimiza neno hilo kila asubuhi. Nitamwambia hivyo, naye ataelewa kuliko mimi.

Kwa yule baba jibu ni gumu zaidi, maana anaposema adui, watoto wangu wanageuka na kutazamana. Darasani nina Wahunde, Wanande, Wahutu, Watutsi, Washi, Warega, wote wamebatizwa katika kisima kimoja cha ubatizo. Nimeshasikia mtoto akimwambia mwenzake, "Wewe si Mkongo," kwa sababu ya pua na urefu. Maneno hayo hakuyaokota njiani tu, yanasemwa mezani nyumbani, mtoto akiwa na kijiko mdomoni. Sikubali yaingie katekesi, hata kama anayeyasema ameumizwa kweli. Yesu aliwapenda watu wake mpaka machozi, na bado alipoulizwa jirani ni nani, alimweka Msamaria katikati ya hadithi. Sisi wa Goma tunaishi kwenye mpaka na Rwanda. Ukiwa mtaa wa Birere unasikia jogoo wa Gisenyi, upande wa Rwanda. Mama zetu wanavuka kizuizi cha mpakani cha Petite Barrière asubuhi na beseni kichwani, wanauza, wanarudi jioni. Mtoto anaweza kufundishwa kudai haki ya nchi yake, kukataa uongo na wizi na uvamizi, na kuuita uovu kwa jina lake, bila kufundishwa kumchukia mama wa upande wa pili anayenunua nyanya. Nikishindwa kuyafundisha yote mawili pamoja, afadhali nisifundishe lolote.

Ndiyo maana nashukuru kwamba Mungu alitupa Floribert.

Floribert Bwana Chui alizaliwa hapa hapa Goma mwaka 1981. Alikuwa wa jumuiya ya Sant'Egidio, na muda wake mwingi aliutoa kwa maibobo, wale watoto wa mtaani ambao wengi wetu tunawafukuza dukani. Mwaka 2007 alikuwa akifanya kazi katika Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, OCC, akiwa na jukumu la bidhaa zilizoharibika. Ulikuja mchele uliooza. Akaletewa fedha ili aupitishe, akakataa. Watu wakapiga simu, wakamsukuma, akakataa tena. Kwa mtawa mmoja aliyemwamini alieleza kwamba fedha zile zingeisha upesi, lakini watakaokula kile chakula wangekuwaje? Tarehe 7 Julai alitekwa, na siku mbili baadaye mwili wake ukaonekana. Alikuwa na miaka 26. Papa Fransisko aliwasimulia habari zake vijana waliojaa uwanja wa Martyrs, Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 Floribert akatangazwa mwenye heri huko Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta.

Hakushika silaha wala hakuhutubia. Aliipenda nchi akiwa kazini, na karatasi mbele yake.

Jumamosi nilileta mchele darasani, bakuli mbili. Mmoja ulikuwa mzuri. Mwingine niliulowesha nikaufunika siku kadhaa jikoni, mpaka ukafanya utando wa kijani na harufu ikajaa nyumba. Niliwapitishia watoto wanuse. Walifunika pua, wengine wakakimbilia dirishani. Nilikuwa nimechonga muhuri kwa nusu ya kiazi, nikauchovya kwenye wino, nikamkabidhi binti mmoja mpole sana, nikamweka mezani awe mkaguzi. Wengine wakawa wafanyabiashara. Nilimpa mvulana mmoja pakiti ya biskuti, nikamnong'oneza amshawishi kwa nguvu zake zote. Akamshawishi hasa! Alimwambia watoto wake nyumbani wana njaa, kwamba bosi ameshakubali, kwamba kila mtu anafanya hivyo. Sikumfundisha hata neno moja kati ya hayo. Ana miaka 10 na tayari anayajua yote, na hilo limenisumbua kuliko harufu ya mchele.

Binti aliitazama ile biskuti kwa muda mrefu. Katika darasa letu biskuti si kitu kidogo. Mkono wenye muhuri ulipanda, ukabaki hewani, kisha akauficha nyuma ya mgongo wake. "Hapana, Papa," akamwambia yule mvulana, kwa sauti ambayo ilibidi tuinamie ili tuisikie.

Hapo mvulana mwingine akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Mama, kwa nini Floribert hakupokea zile hela akawanunulia maibobo chakula?" Niliwaachia wenyewe. Wakabishana. Mwisho mkubwa wao akasema: "Wangeununua ule ule mchele. Uliooza unauzwa bei rahisi, na maibobo ndio wanaonunua vya rahisi." Basi tukafungua Mathayo 25, "nalikuwa na njaa, mkanipa chakula," tukasoma polepole. Nimeisoma sura hiyo tangu utoto wangu, na Jumamosi hiyo ndipo nilipoona kwamba inamhusu pia mtu anayekizuia chakula kibaya kisimfikie mwenye njaa.

Tulipokuwa tunatoka, mtoto mmoja ambaye kaka yake ameenda porini na bunduki alinishika nguo. Alitaka kujua kama kaka yake anaipenda nchi kuliko Floribert. Sikumhukumu kaka yake mbele yake. Nilimwambia kaka yake naye anahitaji sala zetu, tumwombee arudi hai na asiwe amemdhulumu mtu, na kwamba yeye mwenyewe anaweza kuanza kuitumikia nchi leo hata kabla hajafika nyumbani, bila kumwogopesha mtu yeyote. Akaniuliza, "Kwa kufanya nini?" Swali zuri. Mtoto anataka kazi ya mikono, maneno yamemtosha.

Kwa hiyo nimebadilisha mpango wa mwezi. Tunaingia Nehemia, sura ya 3, ile ambayo wahubiri wengi wanairuka kwa sababu imejaa majina. Ndani yake watu wanaujenga upya ukuta wa Yerusalemu uliobomolewa, na mara kadhaa imeandikwa kwamba mtu alijenga mbele ya nyumba yake mwenyewe. Makuhani, wafua dhahabu, wauzaji, hata mabinti wa mkuu mmoja, wote na mawe yao. Watoto watatafuta majina hayo katika Biblia, kisha tutatoka kuzibua mitaro ya njia yetu, ambayo imejaa chupa za plastiki na vipande vya mawe ya lava. Mvua zikirudi Septemba, maji yatapata pa kupita badala ya kuingia nyumbani kwa watu. Kila mtoto ataanza mbele ya mlango wa kwao, halafu atasogea mpaka mbele ya jirani ambaye haongei lugha yake. Paroko amekubali kutuazima makoleo. Wazazi watuletee magunia yaliyotumika na glavu kama zipo, na watoto waje na viatu vilivyofungwa, kwa sababu lava inakata.