Shilingi anajifunza kwenda peke yake: maandalizi ya dresaji, Usa River

Shilingi ni farasi wa msafara. Kwa miaka mingi amebeba wageni porini chini ya Mlima Meru, pua yake karibu na mkia wa farasi aliyemtangulia. Ana kichwa kikubwa, shingo fupi, na begani hafiki sentimita 145. Kwenye picha za Ulaya za dresaji, mchezo wa kumwongoza farasi kwa mpangilio mbele ya jaji anayetoa alama, humwoni wa namna yake hata mmoja. Mwenye shamba alipompunguzia safari ndefu aliniruhusu nimpande asubuhi kabla sijaenda kufungua duka (ninauza dawa za mifugo Tengeru), nami nikaweka nia: mwaka huu tuingie mashindano ya wanaoanza, hapahapa Usa River, mimi na yeye.

Wengi wakisikia dresaji wanafikiria farasi anayecheza ngoma. Hayo ni ya ngazi za juu. Ngazi ya chini inataka farasi aingie kwa mstari ulionyooka, asimame, mpandaji amsalimu jaji, kisha watembee na kutroti (kukimbia polepole) kwa mapigo yasiyobadilika, wachore maduara yaliyo duara kweli, farasi anyooshe shingo akiachiwa hatamu, warudi katikati wasimame tena. Kila kipande kinapewa alama kuanzia 0 hadi 10, nusu alama zinaruhusiwa, na jumla inageuzwa kuwa asilimia. Hakuna kipande kinachouliza bei ya farasi wala kabila lake. Hapo ndipo nilipoiona nafasi yetu. Utulivu Shilingi anao. Kilichokosekana ni kimoja, na ndicho kilichokula karibu muda wetu wote: alikuwa hajui kwenda bila mwenzake mbele.

Mwisho wa masika

Tulianza na uwanja. Uwanja mdogo wa dresaji ni mita 20 kwa 40, na nyuma ya migomba kulikuwa na kipande tambarare kinachotosha. Babu, saisi wa siku nyingi pale shambani, alikuja na kamba na vigingi. Pembe tulizipata kwa njia ya mafundi wa nyumba, kamba ya tatu, nne, tano, kisha tukapima mshazari kutoka kona hadi kona, huku na huku. Mishazari yote miwili ikisoma mita 44 na sentimita 72, uwanja umekaa sawa. Mmoja ulizidi, tukasogeza vigingi mpaka ikalingana.

Herufi tuliziandika kwenye madumu ya mafuta ya kula ya lita 20 tuliyoyapaka rangi nyeupe. A iko katikati ya upande mfupi wa kuingilia. Jaji anakaa C, upande wa pili. E na B zinatazamana katikati ya pande ndefu, na K, F, H, M ziko mita 6 kutoka kwenye kona. X haina dumu: ni kitovu cha uwanja, na unakijua kwa kutupa jicho kulia na kushoto uone E na B zimekufikia mabegani.

Kazi iliyonifundisha kuliko zote ni ya kuchora duara. Tulipiga kigingi kwenye mstari wa kati, mita 10 kutoka A, tukafunga kamba ya mkonge ya mita 10, Babu akazunguka nayo akimwaga chokaa. Ukitazama ile chokaa unaona jambo ambalo ukiwa juu ya farasi hulioni: duara la mita 20 linagusa upande mrefu mita 4 baada ya F, linapita X, linagusa upande wa pili mita 4 kabla ya K, na kwenye kona haliingii hata kidogo. Farasi wa msafara akiona njia pembeni ya uzio anataka kuifuata mpaka mwisho, kwa hiyo Shilingi alinivuta kwenye kila kona. Chokaa ndiyo iliyotuamua, yeye na mimi.

Juni

Porini Shilingi amepita karibu na twiga bila kutikisa sikio. Dumu jeupe lenye B lilimshinda. Alilikodolea macho, akapuliza pua, akalikwepa kwa upande uwanja mzima. Nilitaka kumpitisha tena na tena mpaka azoee. Babu akanizuia.

"Mjukuu wangu, usimgombeze kwa kitu ambacho hajakielewa. Mwekee pumba pale chini ya dumu, mwache aende mwenyewe."

Tukaweka pumba kidogo chini ya kila herufi na kumwachia Shilingi uwanja bila tandiko. Kufikia mwisho wa juma alikuwa anatembelea madumu moja moja kwa hiari yake, na B ndiyo aliyokuwa akiianzia.

Baada ya hapo tukaingia kwenye tatizo lenyewe. Peke yake uwanjani alikuwa anaita. Anasimama, anainua kichwa, analia kuelekea bandani, anangoja kujibiwa. Akijibiwa ndiyo imekwisha, miguu haiendi tena. Nimesoma ushauri mwingi wa kumchapa farasi wa namna hiyo. Siukubali. Farasi ni mnyama wa kundi, na huyu tulimlipa chakula miaka yote kwa kufuata mkia wa mwenzake. Leo tunamwomba kinyume chake, basi tumfundishe taratibu.

Tulimtumia jike mweusi wa msafara, rafiki yake. Kwanza jike alitangulia na Shilingi akafuata, kama kazini. Kisha wakaenda sambamba. Kisha Shilingi akatangulia nusu ya uwanja na jike nyuma yake, na hapo alikuwa anageuza shingo kila baada ya hatua chache kuhakikisha bado yupo. Halafu jike akasimama katikati pale X akila nyasi huku sisi tunamzunguka, baadaye akatolewa nje ya uwanja lakini anaonekana, na mwisho akarudishwa bandani. Kila hatua tuliikaa mpaka ikawa haina habari. Tulipoharakisha, alituambia kwa kuanza kuita upya, tukarudi hatua moja nyuma.

Jambo jingine lililosaidia ni kubadilisha mahali pa kupumzika. Lango liko upande wa A, na banda liko nyuma ya lango. Kila tulipoelekea A mwendo uliongezeka, na kila tulipotoka A ulizimika. Tukaamua kwamba kazi yote ngumu ifanyike karibu na A, na mapumziko yote yawe C. Nikifika C namwachia hatamu, nashuka, nalegeza mkanda wa tumbo, anapata karoti. Tengeru karoti si ghali siku za soko, na zile zilizovunjika wauzaji wananiongezea bure. Polepole uzito wa uwanja ukahama. Sasa anaondoka A kwa moyo, na C ndiko anakotaka kufika, kule anakokaa jaji.

Julai

Baridi na mawingu, Meru haionekani, na Shilingi anafanya kazi vizuri kuliko miezi yote. Mwezi huu ulikuwa wa kusimama.

Unaweza kudhani farasi mtulivu hana shida ya kusimama. Shilingi alikuwa na shida kubwa. Kazini, kusimama kulimaanisha wageni wanapiga picha. Kwa hiyo ukimsimamisha tu, anashusha nyonga moja, anaukunja mguu wa nyuma wa kushoto ncha ya kwato ikigusa chini, anateremsha kichwa na midomo inalegea. Ni tabia njema porini. Mbele ya jaji inakula alama mara mbili, maana tunasimama kwenye kuingia na kwenye kumaliza, naye anapaswa kusimama miguu minne sawasawa, yuko macho, anangoja neno.

Dawa yake ilikuwa muda. Tulisimama kwa pumzi moja tu na kuondoka kwa troti kabla hajawahi kushusha nyonga. Kisha pumzi mbili. Alipoanza kungoja kuondoka badala ya kungoja picha, ule mguu wa kushoto ukaanza kubaki chini. Ninaweza sasa kushusha mkono, kuinamisha kichwa kwa jaji, kushika hatamu upya, na bado yuko nami.

Mstari wa kati nao tuliufanyia kazi hapohapo. Tulilaza miti miwili ya mgrevilea chini, tukaacha njia pana, tukaipunguza kidogo kidogo mpaka ikabaki upana wa mita moja. Jaji aliye C anamwona farasi uso kwa uso, kwa hiyo kila kuyumba kunaonekana. Shilingi anayumba kulia akienda polepole na ananyooka akiongeza mwendo, basi tunaingia kwa troti iliyo hai na sitaki kumbembeleza.

Agosti

Vumbi. Udongo wetu wa volkano ukikauka unakuwa unga, na kila hatua inaacha alama safi. Babu anautumia vizuri. Ninapomaliza mwendo wa kutembea na hatamu zilizoachiwa, anainama kwenye njia tuliyopita na kunionyesha kwa kidole: huu wa mbele, huu wa nyuma. Farasi anayetembea kwa kulegea na kunyoosha mgongo, kwato ya nyuma hutua mbele ya alama ya kwato ya mbele. Mwanzoni ya Shilingi ilikuwa haifiki hata kwenye alama. Mwezi huu inaifunika na kuipita kwa upana wa kiganja cha Babu. Sijawahi kufurahia vumbi namna hii.

Kilichobadilika ni mgongo wangu zaidi ya miguu yake. Nimekuwa nikimfikiria sana Lis Hartel wa Denmark. Dresaji iliingia Olimpiki mwaka 1912 kule Stockholm, na kwa miaka mingi ilikuwa ya maofisa wa jeshi peke yao. Mwaka 1952, Helsinki, wanawake walipokubaliwa, Hartel alichukua medali ya fedha akiwa na farasi wake Jubilee, ilhali polio iliyompata mwaka 1944 ilikuwa imemwachia miguu isiyo na nguvu kuanzia magotini. Alisaidiwa kupanda na kushuka. Akiwa juu, alizungumza na farasi kwa uzito na kiuno. Shilingi amepigwa visigino na wageni wengi wasiojua kupanda, na mbavu zake zimeacha kusikiliza. Kiuno bado anakisikiliza. Nikikaa wima na kutoa pumzi, anapunguza. Nikifungua mabega na kutazama ninakokwenda, anageuka. Hii ndiyo sehemu ya mradi ninayoipenda kuliko zote.

Ratiba tumeiweka asubuhi, jua likishatoka vizuri, na jioni farasi wote wako ndani kabla ya giza. Sababu ni visubi. Ugonjwa wa farasi wa Afrika unaenezwa na visubi wanaouma kuanzia machweo hadi mapambazuko, na pundamilia wanaweza kubeba virusi bila kuonekana wagonjwa. Kwa sisi tunaoishi jirani na pori hilo si jambo la kusahau kwa ajili ya mazoezi. Mama mmoja wa Kimeru anayenunua dawa za kupe dukani kwangu huniuliza farasi huyu analipa nini. Nilipomweleza habari ya kiuno na pumzi alitikisa kichwa akakubali. Ana ng'ombe wa maziwa asiyekubali kukamuliwa na mtu mwingine.

Septemba

Fomu nimerudisha na ada nimelipa. Tumeandikishwa kwenye zoezi, yaani ule mfuatano wa vipande vinavyopewa alama, la kutembea na kutroti pekee. Kuna zoezi lenye kanta (mwendo wa kasi kuliko troti) pia, na rafiki zangu wawili walinihimiza. Upande wa kulia Shilingi anaanza kanta kwa mguu unaotakiwa, upande wa kushoto bado anabahatisha, na akibahatisha anakaza shingo na kupoteza mapigo kwa dakika nzima baadaye. Sitaki siku yake ya kwanza iwe ya mashaka. Kanta ni ya mwakani.

Koti jeusi nimelipata mitumbani Memorial nilipokwenda Moshi kumsalimu shangazi, fundi akalibana kiunoni. Suruali nyeupe nimeazimwa. Tandiko ni la kawaida la shamba, ngazi hii inaruhusu, tumebadilisha vikuku vya kukanyagia tu. Lijamu ni laini, lenye kiungo katikati.

Manyoya ya shingoni ameyasuka binamu yangu, msusi wa hapa stendi. Hakuwahi kumgusa farasi. Aliyalowesha, akagawa mafungu kwa kitana, akasuka mikia midogo hadi nchani, akaikunja na kuishona kwa uzi mweusi ikawa vifundo vilivyojipanga kwa mstari shingo nzima. Shilingi alisinzia muda wote. Babu alikuja kutazama, akanyamaza, kisha akaenda kuleta mafuta ya kupaka kwato.

Zoezi litasomwa kwa sauti kutoka nje ya uwanja, jambo ambalo waandaaji wamelikubali, na msomaji atakuwa binamu huyohuyo. Tunafanya naye mazoezi ya kusoma mapema, ili nisikie "F" nikiwa bado sijafika F.

Yaliyobaki ni machache. Uwanja wa mashindano uko shamba la jirani, kwa hiyo tutakwenda kwa miguu kupitia barabara ya vumbi ya mashamba ya kahawa, na Jumamosi tutaijaribu njia yote bila jike mweusi, bodaboda zikipita. Mwenye shamba lile ameturuhusu kumwonyesha Shilingi uwanja siku moja kabla, na nimeomba tuweke pumba chini ya B yao. Matokeo nitayaandika hapa kipande kwa kipande, pamoja na maoni ya jaji.