Huyo hajatoroka, anauguza

Jumamosi jioni

Leo kwenye sala ya jumuiya yetu, kikundi cha Wakatoliki majirani, tulisoma Waraka wa Yakobo, sura ya 2, pale ndugu aliyepungukiwa na riziki anapoambiwa, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba," halafu hapewi kitu. Baada ya somo katibu akasoma mahudhurio. Akamtaja mama mmoja kuwa ni mtoro wa muda mrefu. Mzee aliyekaa karibu na mlango akasema taratibu, "Huyo hajatoroka, anauguza." Kimya kikatanda.

Mama mzazi wa huyo aliyeitwa mtoro alipata kiharusi, yuko kitandani. Mwanzoni tulijaa pale na machungwa na sabuni, kisha kila mtu akashika njia yake.

Kwenye misiba sisi wa uswahilini ni wepesi, na namshukuru Mungu kwa hilo. Turubai hufungwa mara moja, vijana huenda kuchimba kaburi, kina mama hukesha jikoni, daftari la rambirambi hupita. Lakini mgonjwa wa kitandani hafungiwi turubai. Asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, la sivyo kiuno na visigino hutoka vidonda. Uji anyweshwe akiwa ameketishwa wima, kijiko kwa kijiko, asije akapaliwa. Mashuka yafuliwe, nepi za wakubwa zinunuliwe, na zina bei. Anayeyafanya haya peke yake halali, biashara yake inakufa, na kanisani hafiki. Kisha akitaka barua ya jumuiya kwa ubatizo wa mtoto, tunamfungulia daftari la mahudhurio. Hilo linaniuma sana.

Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kuzipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo, walitaka Kanisa liishi pale watu wanapoishi, jirani kwa jirani. Daftari ni la kutusaidia kujuana. Jina likikosekana, swali la kwanza liwe: amepatwa na nini?

Tukatoka watu wachache kwenda kwake. Tulimkuta jirani yake, mama wa Kiislamu, amempakata bibi anamnywesha uji. Kumbe kila Jumamosi huja kushika zamu ili mwenzake apate kwenda sokoni. Hakuna aliyempangia. Mwenyekiti wetu alipomshukuru, alijibu, "Mama yake ni mama yangu, shoga. Na ninyi karibuni, kazi ipo." Nilifurahi kumsikia, na nilitamani wanajumuiya wote wangekuwepo.

Binti aliporudi na kapu lake, mwenyekiti hakuanza kuhubiri. Alimuuliza, "Dada, wakati gani unaelemewa zaidi?" Akajibu, "Usiku. Na Jumapili, nikisikia kengele." Akalia, nasi tukamwacha alie.

Kila 11 Februari tunaadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani, aliyoianzisha Papa Yohane Paulo II mwaka 1992. Naipenda siku hiyo, wagonjwa wanapoombewa na kupakwa mafuta. Ila Kristo aliposema, "nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama," sidhani alitaja tarehe. Nami ningependa sehemu ya fedha tunazochanga mtu akishafariki tuitoe angali hai, akiweza kuona nani amekuja.

Tumepanga hivi. Jumapili wawili wetu watabaki na bibi wakati wa Misa ya kwanza, wao wataenda ya pili. Kina baba watachangia nepi. Vijana watateka maji. Usiku ni mgumu zaidi kupanga, ila wajane wawili wamejitolea kulala pale kwa kupokezana, na mimi nimechukua kufua Jumatano. Katekista ataombwa amletee bibi Komunyo. Na kuanzia wiki ijayo sala ya jumuiya itafanyika nyumbani kwake, mwezi mzima, ili binti asali nasi bila kumwacha mama yake.