Nilivyojipatia nafasi katika ufundi mitambo wa taarab

Nilipoanza kutafuta riziki katika ufundi mitambo, yaani kusimamia vifaa vya sauti kwenye shughuli za muziki, hapa Unguja, vijana wengi waliokuwa na kompyuta na spika mbili walikuwa wakigombea kazi ile ile ya kutengeneza midundo, ilhali vikundi vya taarab vinavyopiga ala zenyewe vililalamika, karibu kila baada ya shughuli, kwamba kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, haikusikika. Nikaamua kulishughulikia hilo.

Kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini, lakini sauti yake ni ndogo, na jukwaani huketi pamoja na akodiani, fidla kadhaa, udi na dumbaki. Fundi akiipandisha tu kwenye mikisa, yaani mashine ya kuchanganya sauti, spika hupiga mluzi kabla kanuni yenyewe haijawafikia watu. Kwa ruhusa ya wapigaji nilihudhuria mazoezi yao, nikawa nainamisha sikio juu ya ala hiyo huku ikipigwa, hadi nikajua kwamba mahali inapolia vizuri ni upande wa daraja, ambalo miguu yake imekanyaga vipande vya ngozi, kwa kuwa ngozi hiyo ndiyo inayotetemeka. Hapo ndipo ninapoelekeza maikrofoni ndogo ya kondensa, ile inayohitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye mikisa, kwa umbali wa kama shubiri moja. Kisha nakata sauti nzito zilizo chini ya hezi 80, kwani huko kanuni haina chake, kuna vishindo vya jukwaa na mngurumo wa dumbaki tu. Akodiani, katika ukumbi mdogo, siiwekei maikrofoni kabisa, maana husikika yenyewe. Stendi nazo natumia fupi, maana watu wakiinuka kwenda kumtunza mwimbaji hawaangalii wanapokanyaga.

Sikuwahi kujitangaza. Wapigaji kanuni ni wachache na wanajuana, na aliyeridhika katika kikundi kimoja alinitaja katika kingine. Milango mingine ilifunguka kwa sababu ya matamasha, hasa Sauti za Busara, ambalo tangu mwaka 2004 limewaleta Unguja wanamuziki wanaopiga moja kwa moja jukwaani, pamoja na mafundi wao. Nilianza kwa kubeba nyaya za tamasha hilo Ngome Kongwe, na kwa mafundi wageni nikajifunza kuandika orodha ya njia za mikisa: kila ala, maikrofoni yake, na mahali mpigaji atakapoketi. Sasa huituma orodha hiyo kwa mwenye shughuli siku kadhaa kabla, na nimeona kwamba anayeipokea hupunguza ubishi wa bei, pengine kwa kuwa anaona kazi ambayo vinginevyo isingeonekana.

Katika bei hutenganisha ufundi na ukodishaji wa vifaa, kwani vikijumlishwa mteja huamini kwamba analipia spika peke yake. Nusu huipokea kabla sijapakia mzigo, hata kama ni harusi ya jirani. Kwa hili nimelaumiwa mtaani, na sijalibadilisha. Fedha za mwanzo nilizitumia kununua maikrofoni, nyaya imara na masanduku yanayofunga vizuri, kwa sababu hewa ya chumvi huzila plagi zilizoachwa wazi. Spika hupatikana za kukodi mjini, kwa hiyo mpaka leo nakodi.