Ufa uliolala na ufa unaotembea: nilivyoziba sakafu ya epoksi gerejini

Leo nimevuta winchi ya injini juu ya ufa mrefu wa gereji yangu hapa Temeke, magurudumu yamepita kimya. Ni mwezi wa saba tangu niuzibe. Kabla ya hapo niliuziba mara mbili kwa ushauri wa mafundi, na bado nina hasira nao.

Simenti nyeupe ilidumu wiki. Kisha fundi mwingine akaniambia nitumie puti ya bodi za magari, eti puti na epoksi (ile gundi ngumu ya kuchanganya inayofunika sakafu yangu) ni ndugu. Si ndugu hata kidogo! Puti ile ni poliesta, plastiki ya aina nyingine: inasinyaa ikikauka, tena magadi ya zege lenye unyevu yanaila taratibu. Jumamosi niliipiga msasa, nikapaka epoksi ya kijivu juu, usingejua kama palikuwa na ufa. Wiki ya tatu ukatokea mstari mwembamba kama unywele. Wiki ya tano gurudumu la jeki likang'oa kipande cha urefu wa kiganja, kikatoka kizima kama ganda la muhogo.

Aliyenisaidia ni mjomba wangu, mwashi wa siku nyingi. Hakuuliza nataka kuzibia nini. Aliuliza, "Mjomba, ufa wako umelala au unatembea?" Akanielekeza nikwangue epoksi hadi kwenye zege, nipake jipsam nyembamba kukatisha kila ufa, niandike tarehe kwa penseli. Jipsam haivutiki, zege likisogea kidogo tu inakatika. Nyufa zilikuwa nne. Bati letu huchoma mchana na kupoa usiku, zege nalo hutanuka na kusinyaa, na siku ya pili jipsam ya ufa mrefu, ule unaofuata kiungo cha zege, ilikuwa imekatika katikati. Nilimpigia simu mjomba palepale kwa furaha. Zile tatu nyingine zilikaa wiki tatu nzima bila alama.

Basi nyufa tatu zilizolala nikaziba kwa epoksi ngumu iliyochanganywa na mchanga mkavu wa silika. Nilizipanua kwa grinda, nikanyonya vumbi kwa mashine (usimwage maji), nikatanguliza epoksi tupu iingie ndani. Changanya kidogo kidogo: ndoo niliyoiacha imejaa ilichemka yenyewe ikagandia humo humo. Na usipunguze hadina (ile dawa ya kugandisha epoksi) ili upate muda, haitakauka vizuri.

Ule unaotembea nikautilia poliyurethani, uji wa kuzibia unaoganda kama mpira unaovutika, chini yake kamba ya sponji ili poliyurethani ishike kuta mbili za ufa tu. Epoksi ngumu pale ingepasua zege pembeni. Kwenye nyufa nyingine nisingetumia poliyurethani, magurudumu yangeibonyeza na kingo zingemeguka. Gharama yote, na kukodi grinda, ilikuwa kama laki mbili na kitu.

Juu ya poliyurethani sikupaka rangi, maana ingepasuka palepale. Mstari wake mweusi unaonekana kutoka mlangoni hadi ukutani, nami naufagia kila jioni.