Pambano la Wanyama Waliotoweka

Likizo moja ya Desemba, tulipokuwa tukiishi Majengo mjini Moshi, mimi, kaka yangu na mdogo wetu wa kike tulikata karatasi za manila tukatengeneza karata za wanyama waliokwisha kutoweka duniani. Baba, aliyekuwa mwalimu wa jiografia, alituazima vitabu vyake kwa sharti kwamba kila karata iwe na urefu, uzito na mwaka wa kutoweka, wala tusiandike kiwango cha nguvu, kwa kuwa nguvu za mnyama aliyekwisha kufa hazipimiki. Naliheshimu sharti hilo hadi leo.

Kila mmoja alitoa karata kwa zamu yake akitaja kipimo cha kushindania. Kaka alikuwa na mjusi wa Tendaguru, dinosaria mkubwa ambaye mifupa yake ilifukuliwa mkoani Lindi kuanzia mwaka 1909 na sasa imesimamishwa Berlin, ikiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Kila alipotaja urefu au uzito, alizoa karata zetu zote, na sisi hatukuwa na la kujibu.

Ndipo zamu ikamfikia mdogo wetu. Akaweka chini simbamarara wa Tasmania, kisiwa cha Australia, mnyama asiyefikia hata goti la yule mjusi, akasema, "Mwaka. Aliyetoweka karibuni ndiye mshindi." Yangu ilikuwa nguva wa Steller, 1768. Yake ilikuwa 1936, mwaka ambao wa mwisho anayejulikana alikufa katika bustani ya wanyama ya Hobart. Mjusi alikuwa ametoweka miaka milioni 150 hivi iliyopita.

Kaka alikataa katakata. "Kuchelewa kufa si ushindi, Baba."

"Alidumu kuliko wanyama wangapi, huyo mjusi wako?" mdogo wetu akamwuliza.

Baba hakuamua papo hapo. Alitusomea kwamba nguva yule, mwenye urefu wa mita nane hivi, alielezwa na mtaalamu wa viumbe Georg Steller mwaka 1741 katika visiwa vya Bahari ya Bering, na kwamba mabaharia waliomwinda kwa ajili ya nyama na mafuta walimmaliza katika muda wa miaka 27 tu. Kuhusu simbamarara, alituambia kwamba serikali ya Tasmania ililipa zawadi kwa kila mmoja aliyeuawa, kuanzia 1888 hadi 1909, kwa madai kuwa alikuwa akiua kondoo. Kaka alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba basi karata zetu zina upungufu, kwa sababu hazionyeshi nani aliyemshinda mnyama.

Usiku ule, chini ya taa ya chemli, tuliongeza mstari wa nne kwenye kila karata. Kwa dodo, ndege asiyeruka, tuliandika binadamu, pamoja na nguruwe na panya walioletwa Mauritius kwa meli. Kwa kwaga, aina ya pundamilia, binadamu. Kwa nguva, binadamu. Kwa njiwa msafiri wa Marekani, binadamu. Mstari wa mjusi wa Tendaguru ulibaki wazi, na Kaka alikubali kwamba kuanzia hapo karata yake isihesabiwe katika zamu za mstari huo.