Jinsi nilivyopima kama kwotabeki wetu kijana aongezewe muda

Swali nililopewa na kocha mkuu lilikuwa fupi: kijana aendelee kucheza, au tumweke benchi? Kijana mwenyewe ana miaka kumi na sita, ni kwotabeki wa timu ya shule moja ya sekondari kaskazini mwa Illinois. Mimi ni msaidizi wa kujitolea pale, na kazi yangu kubwa ni kuangalia video za mechi. Msimu wa kawaida wa shule za Illinois una mechi tisa. Tulikuwa tumecheza saba, tumeshinda mbili, na hatua ya mtoano ilikuwa imeshatupita. Wazazi walikuwa wamekasirika. Kocha alitaka jibu kabla ya mazoezi ya Jumatatu.

Kwa asiyefuatilia mpira wa Kimarekani, kwotabeki ndiye anayepokea mpira kila jaribio moja la kushambulia linapoanza; jaribio hilo hapa nitaliita mchezo. Ana kama sekunde mbili na nusu tu za kuamua: ampasie nani, amkabidhi mkimbiaji, au akimbie nao mwenyewe. Mbele yake wapo watu watano wanaomkinga, ambao hapa nitawaita ukuta. Ukuta ukibomoka, anaangushwa na mpira ukiwa mkononi. Timu ikishinda sifa ni zake, ikifungwa lawama zote zinamwangukia yeye. Ndiyo maana ni vigumu mno kumpima kwa haki. Kila takwimu yenye jina lake ina jasho au uzembe wa wenzake kumi ndani yake.

Mama yake ni Mkongo wa Kivu aliyefika Marekani baada ya kuishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Baada ya mechi ya saba alinisimamisha kwenye maegesho ya magari. "Kaka," aliniambia, "kama mtoto hawezi, mumwambie. Lakini mumwambie kwa mdomo, msimkalishe tu akabaki anajiuliza." Maneno hayo yalinikaa. Nikaona kwamba jibu lolote nitakalompa kocha, lazima niweze kumkalisha kijana mbele yangu na kumwonyesha sababu zake moja moja.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuiweka pembeni karatasi ya takwimu. Pasi zilizofika zilikuwa chini ya nusu, na pasi zilizonaswa na wapinzani zilizidi tachidauni, yaani zile zilizozaa bao. Aliyeishia hapo alikuwa na jibu tayari. Wale waliokuwa wakimtetea nao walikuwa na jibu lao tayari, jina moja tu: Josh Allen, kwotabeki wa NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani. Mwaka 2018, msimu wake wa kwanza na Buffalo Bills, Allen alifikisha asilimia 52.8 ya pasi zake, tachidauni 10, pasi 12 zikanaswa. Mwaka 2020 alifikisha asilimia 69.2 na tachidauni 37, na baadaye akawa mchezaji bora wa ligi msimu wa 2024. Wengine hurudi nyuma zaidi, kwa Peyton Manning, aliyenaswa pasi 28 mwaka 1998 timu yake ikishinda mechi tatu tu, kisha mwaka uliofuata ikashinda 13.

Mifano hiyo ni ya kweli, lakini haithibitishi chochote juu ya kijana mwingine. Wapo vijana wengi walioanza vibaya, wakapewa muda, wakabaki palepale. Sisi wa Chicago hatuhitaji kusimuliwa. Timu yetu ya Bears ilimchagua kwotabeki Mitchell Trubisky wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi mwaka 2017, timu nyingine ikamchagua wa kumi Patrick Mahomes, aliyekuja kuwa nyota, na Bears wakampa Trubisky misimu minne kabla ya kuachana naye. Kwa hiyo sikutaka kujua kama kijana wetu ameanza vibaya kuliko Allen. Nilitaka kujua kama kuna kitu ndani yake kinachosogea mbele, hata kama namba zimelala.

Nikakaa na video za mechi zote saba. Tulikuwa na kamera mbili, ya pembeni na ya nyuma ya goli, na hii ya pili ndiyo inayosema ukweli, kwa sababu inaonyesha kofia ya kwotabeki imeelekea wapi na miguu yake inafanya nini. Nimekulia Tanga nikidaka mpira wa miguu, na kipa anajifunza mapema kusoma macho na mguu wa mpigaji kabla ya kuusoma mpira. Nilimwangalia kijana hivyohivyo.

Kila alipojiandaa kupiga pasi nilianza kuhesabu kwa saa ya simu. Kama ukuta ulibomoka kabla ya sekunde mbili, niliuchora mstari mchezo ule na kuusahau. Haukuwa wake. Nilishtuka kuona jinsi mistari ilivyokuwa mingi, hasa upande wa kushoto, ambako kijana wetu mkubwa kuliko wote aliumia goti mwezi Septemba na aliyemrithi alikuwa bado anajifunza kusimama. Lakini upande wa pili pia ulikuwepo, na watetezi wake hawakupenda kuusikia. Mara nyingine ukuta ulisimama vizuri kabisa, sekunde tatu, tatu na nusu, na yeye akabaki ameshika mpira hadi akaangushwa. Hizo nilimwandikia yeye. Watu husahau kwamba kuangushwa si kosa la ukuta peke yake.

Michezo iliyobaki ndiyo iliyokuwa na habari. Nikazitazama mechi tatu za kwanza kwa pamoja, halafu nikaruka hadi ya sita na ya saba, nikitafuta jambo moja: makosa ni yaleyale au yamebadilika? Mwanafunzi anayerudia kosa lilelile mwezi hadi mwezi ananipa wasiwasi. Anayefanya kosa jipya kila baada ya wiki mbili anajifunza, hata kama matokeo yanauma.

Nieleze mchezo mmoja kwa kirefu, maana ndio uliobeba uamuzi wangu. Mechi ya tatu, tukiwa kwenye dauni ya tatu, yaani nafasi ya tatu kati ya nne za kusogeza mpira yadi kumi, na yadi sita bado za kutafuta, mpokeaji wetu wa kulia alikata ndani. Kijana akamkodolea macho tangu mpira unatoka mikononi mwa mchezaji wa kati. Beki mmoja wa kati wa wapinzani alijifanya anavamia, akarudi nyuma hatua tatu, akasimama katikati ya njia ya mpira na kuunasa kifuani. Pasi mbaya, haina mjadala. Mechi ya saba, timu nyingine ikajipanga vilevile, na beki wa kati akafanya ujanja uleule. Safari hii kofia ya kijana ilianza kuelekea kushoto. Akautikisa mkono kama anayetaka kutupa, beki akachukua hatua moja kuelekea kule, na hapohapo kijana akageuka kulia na kuurusha mpira juu kidogo, nyuma ya mgongo wa beki, penye nafasi tupu. Mpira ulifika kwenye viganja vyote viwili vya mpokeaji, ukamponyoka. Karatasi ya takwimu iliandika: pasi haikufika. Jukwaani watu walizomea.

Siku ya Jumamosi nilimpigia simu kijana nikamwomba anisimulie mchezo ule kabla hajauona kwenye video. "Anko, yule beki nilimjua," alisema. "Ni kama yule wa mechi ya tatu. Nilimwona anarudi nyuma kabla mpira haujanifikia." Nikamuuliza kwa nini hakuupeleka kwa mkimbiaji aliyekuwa huru pembeni. Akanyamaza kidogo, kisha akasema mkimbiaji alikuwa na yadi mbili tu mbele yake, nasi tulihitaji sita. Alijua alichokiona, alijua alichokiacha, na alijua sababu. Mtoto wa miaka kumi na sita! Mimi hapo moyo wangu ulishaamua, lakini nikaendelea kutazama, kwa sababu moyo ukishaamua ndipo macho huanza kudanganya.

Na kweli nilikuta jambo la kunitia hofu, tena kubwa kuliko zile pasi zilizonaswa. Miguu yake ilikuwa imeanza kuharibika. Katika mechi mbili za mwisho kulikuwa na nyakati ambapo hakuna mpinzani karibu naye, ukuta umesimama, na bado anarudi nyuma akitupa mpira kwa mguu wa nyuma, kama mtu anayetarajia kugongwa. Hiyo ni dalili ya kijana aliyepigwa chini mara nyingi mno. Nikamkumbuka kwotabeki David Carr, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 2002 na timu mpya ya Houston Texans, akaangushwa mara 76 msimu huo, rekodi ambayo haijavunjwa. Alipewa muda wa kutosha, misimu mitano. Lakini muda bila kinga ulimmaliza badala ya kumkuza.

Hapo ndipo nilipoona kwamba swali la kocha lilikuwa limefunga mambo mawili pamoja. Kijana anastahili muda, ndiyo. Ila muda wa namna ileile tuliyokuwa tukimpa ungemharibu. Nilimpa kocha mfano ulio karibu nasi. Mwaka 2024 kwotabeki Caleb Williams aliingia Bears akiwa chaguo la kwanza, akaangushwa mara 68. Novemba kocha wa mashambulizi, Shane Waldron, alifukuzwa, na kabla mwezi haujaisha kocha mkuu Matt Eberflus naye akaondolewa. Timu ikashinda mechi tano. Msimu uliofuata akaja kocha mkuu mpya, Ben Johnson, kutoka Detroit, ukuta ukaongezewa Joe Thuney, Drew Dalman na Jonah Jackson, na Williams akaangushwa mara 24, akapiga pasi za zaidi ya yadi 3,900, rekodi ya klabu. Kijana ni yuleyule. Kwotabeki Sam Darnold naye timu ya Jets ilimwacha baada ya misimu mitatu, na mwaka 2024 akiwa Minnesota, mbele ya kocha Kevin O'Connell na mpokeaji kama Justin Jefferson, alipiga tachidauni 35 na timu ikashinda mechi 14. Kumbe mtu anaweza kushindwa mahali fulani bila kuwa wa kushindwa.

Kilichonisumbua kuliko vyote hakikuwa ndani ya video ya kijana huyo. Tulikuwa na kwotabeki mwingine, wa mwaka wa mwisho, aliyekuwa akingoja zamu yake tangu alipoingia shule ile. Mtoto mtulivu, anakuja mazoezini kabla ya kila mtu, anawabebea wadogo mipira. Yeye hakuwa na msimu mwingine. Kuongeza muda kwa mmoja ni kumnyima mwingine, na wanaopenda kusema "tuwe na subira na kijana" mara chache hutaja jina la anayelipia subira hiyo. Nikaangalia na dakika zake zote pia, kwa kipimo kilekile, saa ileile. Alikuwa salama zaidi, anaachia mpira mapema, hakosei sana. Lakini hakuwa akiona nyuma ya mabeki wa kati, na mpira wake wa mbali ulikuwa unaelea.

Jumatatu nilimweleza kocha hivi. Kijana aanze mechi zote mbili zilizobaki, lakini tupunguze michezo ya kungoja nyuma. Tumpe pasi za haraka, za kurudi nyuma hatua tatu tu, na tumtoe pembeni akimbie na mpira upande wa kulia ambako anaona vizuri. Mkimbiaji abaki nyuma kumkinga upande wa kushoto, hata kama inatupunguzia mpokeaji mmoja. Na yule wa mwaka wa mwisho apewe mashambulizi yake kamili katika kila mechi, yaliyopangwa kabla, ajue lini anaingia. Asiwe wa kuokoteza dakika timu ikishalala. Kocha alikubali karibu yote. Kwenye mpango wa zamu alibisha, akisema kwotabeki wawili huvuruga mdundo wa timu, na hoja yake ina uzito. Mwishowe alimpa mkubwa robo nzima ya pili ya mechi ya mwisho nyumbani, siku ya kuwaaga wanaohitimu, na akaongoza shambulizi refu hadi tachidauni.

Mazungumzo na kijana niliyafanya mbele ya mama yake, kwa Kiswahili, kompyuta ikiwa mezani. Nilimwonyesha mchezo wa mechi ya tatu na wa mechi ya saba, mmoja baada ya mwingine. Kisha nikamwonyesha miguu yake. Nilimwambia wazi kwamba tunamwamini kwa sababu ya macho, na kwamba miguu isiporekebishwa mwakani tutazungumza tena, na mazungumzo yatakuwa magumu zaidi. Mama aliomba nirudishe video ya miguu mara ya pili. Akamwambia mwanawe, "Unaona? Unakimbia mtu ambaye hayupo."

Mechi ya nane tulifungwa, ya tisa tukashinda. Mimi niliandika mambo mengine: aliangushwa mara chache, na katika mechi ya tisa alisimama imara beki akimjia uso kwa uso, akatoa pasi, ndipo akagongwa.

Mambo mawili bado sijaridhika nayo. Akitoka kushoto mpira wake unapotea, kwa sababu hageuzi nyonga kabla ya kutupa. Na dauni ya tatu ndefu bado anashika mpira kupita kiasi. Kocha ameniomba orodha ya nitakachopima msimu mpya ukianza, na hayo mawili nimeyaweka juu kabisa. Nimekubaliana naye tuyatazame baada ya mechi ya nne, kabla lawama za jukwaani hazijaanza.