Pauni nne za kuiona injini ya baba

Jumamosi usiku niliweka picha moja kwenye grupu ya familia: injini ndogo ya treni ya mfano, ya rangi ya damu ya mzee, imesimama juu ya meza ndani ya ukumbi wa kanisa hapa Stockport, Uingereza. Kabla sijaitua simu, mdogo wangu akaandika: "Dada, karo ya watoto haijakamilika, na wewe unalipa kiingilio kuwatazama wazee wa Kizungu wakichezea vitoi?" Wengine wakafuata kwa kucheka. Sikujibu. Nimekaa nalo siku tatu, na leo najibu hapa, maana yale ya grupu yangekuwa ya hasira tu.

Kiingilio cha maonyesho hayo ya reli ndogo za mfano kweli kilikuwa pauni nne. Mtoto aliingia bure. Mlangoni na mimi iliniuma, mia sita na ushee ya kwetu. Kwa hela hiyo mtu anatoka Voi anafika Mombasa kwa treni inayobeba watu. Lakini nimeuliza zinakokwenda. Zinalipa kodi ya chumba ambamo hawa wazee hukutana jioni kujenga reli zao, na bima, na ukumbi wenyewe. Hakuna anayelipwa mshahara. Chai na keki zinauzwa na wake zao na binti zao, na mwaka mzima klabu inaishi kwa siku moja kama hiyo.

Sasa fikirieni siku hiyo isipokuwepo kwa zaidi ya miaka miwili. Machi 2020 nchi ilipofungwa, kumbi zote zilifungwa. Julai 2021 sheria nyingi za Korona ziliondolewa England, ila maonyesho madogo hayakurudi kwa mkupuo. Ukiingia utaelewa sababu. Waendeshaji husimama nyuma ya meza bega kwa bega, watazamaji huinama kwa karibu wakipumuliana, njia kati ya meza ni nyembamba, na wengi wao wamepita miaka sabini. Mimi najua sabini na Korona vilikuwa na maana gani. Ninatunza wazee. Aprili ile ya kwanza nilikuwa naingia zamu bila kujua kitanda gani nitakikuta kitupu, na kuna mzee mmoja niliyemshikia simu amuage mwanawe kwa video kwa sababu mtoto hakuruhusiwa kuingia. Kwa hiyo Jumamosi nilipowaona wazee wa umri ule ule wamesimama, wanabishana kuhusu taa za ishara, madirisha yote wazi na wengine bado na barakoa, nilikwenda kwanza chooni nikajifuta machozi. Meza zilikuwa kumi na mbili tu. Penye meza moja paliwekwa picha ya mwenye reli, na rafiki zake walikuwa wakiiendesha kwa niaba yake.

Aliyenialika ni jirani yangu. Mimi humwita Mzee, na amezoea. Miaka minane tulikuwa watu wa "habari ya asubuhi" na hali ya hewa. Wakati wa kufungiwa nilimletea maziwa na mkate mlangoni, naye akawa ananionyesha kupitia dirishani alichojenga wiki hiyo: kituo, daraja, miti midogo. Kokoto za reli huzimwaga kwa kijiko, akazipanga kwa brashi, kisha akazidondoshea gundi iliyochanganywa na maji na tone la sabuni ya vyombo ili inywe mpaka chini. Jioni nzima kwa kipande cha urefu wa mkono. Mwaka huu akaniambia, wewe si wa Kenya? Njoo, kuna kitu uone.

Meza yenyewe ilikuwa ya rafiki yake, ambaye baba yake alikuwa fundi kwenye kiwanda cha injini za treni cha Beyer, Peacock pale Gorton, Manchester, si mbali na ninapoishi. Nikainama. Ubavuni pameandikwa E.A.R., yaani East African Railways, shirika la zamani la reli ya Afrika Mashariki.

Wadogo zangu, hiyo ndiyo injini ya mvuke ya aina ya 59. Ile ya baba. Zilitengenezwa 34, hapo hapo Gorton, katikati ya miaka ya 1950, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na tani zipatazo 250, ikipanda kutoka pwani hadi Nairobi juu ya reli ya upana wa mita moja tu. Iliwezekana kwa sababu tangi la mvuke lilining'inizwa kati ya injini mbili, na kila injini iligeuka peke yake kwenye kona. Baba alianza kama msaidizi wa dereva, akichunga moto, na moto wa 59 haukuwa wa makaa, ulikuwa wa mafuta mazito. Moshi ukiwa mweusi dereva anakukaripia. Haya yote nilikuwa nayajua tangu utotoni katika kwota za reli, lakini injini yenyewe sikuwahi kuiona ikitembea. Nimeiona ikitembea Stockport, ina sentimita arobaini na kidogo. Reli ya kawaida ya kipimo hicho madukani ina upana wa milimita 16.5, pana mno kwa reli yetu, hivyo yule mzee alikata mataruma mwenyewe, moja moja, aipate nyembamba.

Na hapa ndipo panaponiuma. Kati ya zile 34, mbili zimesimama Makumbusho ya Reli Nairobi, Mount Gelai na Mount Shengena. Nyingine zimekuwa vyuma chakavu. Sisi tulipewa SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, mwaka 2017, tukaishangilia, na mimi nimeipanda na ni nzuri. Lakini nani alikwenda kumuuliza baba chochote? Alistaafu na barua ya mistari minne. Mtu wa Gorton, ambaye hajawahi kuikanyaga Voi, anajua idadi ya magurudumu ya injini ya babangu, na mimi mwanawe nilikuwa simjui aliyeiunda.

Kwa mnaoniandikia inboksi tangu Februari 2022, Uingereza ilipofungua viza kwa watunza wazee: mlango huo ulifungwa Julai 2025 kwa walio nje, kwa hiyo njooni kama mmepata kazi nyingine ya kweli, na msimpe wakala laki hata moja, kwa maana sheria ya hapa inamkataza kumtoza mtu kwa kumtafutia kazi. Ila lingine hamtaambiwa na wakala. Ukifika, usiuze kila Jumamosi kwa ovataimu. Nimeziuza miaka mingi, nikatuma zote nyumbani, na sikuwa na mtu wa kuniuliza hali. Tafuta ukumbi wa kanisa wenye bango mlangoni. Ingia hata kama ni wa mambo usiyoyajua. Mzungu wa hapa hakukaribishi nyumbani kwake upesi, lakini akikuta unakitazama alichokijenga kwa mkono wake, atakueleza mpaka chai ipoe. Mwanangu alipewa kidude cha kuendeshea dakika kumi nzima. Hakuna aliyemsimamia kwa jicho baya.

Kabla hatujaondoka yule mwenye 59 akaniuliza kama najua stesheni ya Voi ilivyokuwa miaka ya sitini. Anataka kuijenga. Tangi la maji lilikuwa upande gani? Mabenchi ya rangi gani? Sikujua hata moja.

Jumapili nikampigia baba. Ana miaka 79, na kwa simu huwa ananiuliza afya, ananiombea, anampa mama. Nikamsomea maswali. Alinyamaza, nikadhani laini imekatika. Kisha akaniambia nichukue kalamu. Tulizungumza dakika hamsini. Alikuwa akisema "subiri" anaenda kumwita rafiki yake wa kwota ya pili wathibitishe, na mara mbili walibishana mbele ya simu kuhusu njia ya Taveta ilipochepukia. Alipomaliza akaniuliza hao watu watajenga lini, na kama watamweka gadi na bendera yake, au watamsahau.